Akaunti ya Shangazi

3 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba kabla hujanisalimia, maana nakujua, utaanza na maneno mengine na salamu utaikumbuka mwisho wa ukurasa.

Nilifika salama. Safari ilikuwa siku mbili, na begi moja lililowa maji hadi makoti yangu ya kazi yakachujiana rangi. Sasa nina mawili ya bluu na moja la zambarau. Bibi yako hajambo? Mwambie dawa ya macho ajitilie mwenyewe. Asimwachie baba yako, kaka yangu ana mikono mizito tangu utoto.

Nakuandikia kwenye karatasi kama tulivyokubaliana siku ile stendi. Kwenye simu mimi na wewe hatumalizi dakika tano kabla mmoja hajakata. Kwenye karatasi angalau mtu anafikiri kwanza ndipo anakasirika.

Hospitali hii ni kubwa mno. Ile yetu ingeenea kwenye jengo lao la kufulia, na nafasi ingebaki. Kitengo cha kompyuta kina watu thelathini na mmoja, na mimi ndiye huyo mmoja. Meza yangu iko kando ya mashine ya fotokopi, na dirisha linatazama ukuta. Hapa hakuna wa kuniita Mama Funguo. Kazi yangu ni kuwafungulia waliosahau nenosiri, basi. Mshahara ni mzuri, sikatai, ndio ulionileta.

Na wewe ndiye mkuu wa kitengo sasa. Kitengo cha mtu mmoja, lakini mkuu ni mkuu. Nasikia umepewa na kiti kipya. Mimi nilikaa pale miaka kumi na moja, kila waya uliomo ukutani niliupitisha kwa mikono hii, na kiti changu kilikuwa cha kuegemeza ukutani kisianguke. Hongera. Jina jipya la mashine kuu nalo ni zuri, ingawa mimi nisingelibadilisha. Majina yakibadilika, printa za wodini hupotea njia.

Bandua ile karatasi yenye nenosiri chini ya kibodi ya mapokezi. Niliwaambia miaka yote. Labda wewe watakusikia.

Shangazi yako.

27 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na iko mstari wa kwanza.

Bibi hajambo, macho yanaendelea vizuri. Jana alimtambua jirani toka ng'ambo ya barabara na akamwambia kanenepa, kwa hiyo tumeshaanza kuomba radhi. Baba goti linamsumbua. Daktari kamwambia asipande ngazi, naye siku hiyo hiyo akapanda kwenye paa kuangalia bati.

Kazini nimebandua ile karatasi. Wahudumu wa mapokezi walininunia wiki nzima. Sasa kila muuguzi ana jina lake na nenosiri lake, na yale makubwa ya mitambo nimeyaweka kwenye programu inayoyatunza kama kabati. Unakumbuka neno moja refu tu, hilo ndilo linalofungua kabati, mengine hata mimi siyajui kwa kichwa. Nimefuta pia majina ya watu walioondoka: fundi wa eksirei, mhasibu wa zamani, wale wanafunzi wa mazoezi. Jumla kumi na manne. Imebaki kidogo tu.

Ile njia uliyoiweka, ya kuingia kwenye mashine kuu mtu akiwa mbali, bado iko vilevile. Nataka iwe na mlango wa pili: ukishaandika nenosiri, simu yako iletewe namba, uiandike ndipo upite. Mkurugenzi amekubali, tunasubiri vifaa.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Jina la mashine nililibadilisha mwenyewe, na sikumwambia mtu, kwa sababu hapa hakuna mtu ambaye angejali. Wewe umelijuaje?

Mkurugenzi amebandika picha yangu ubaoni pale mapokezi, mfanyakazi bora wa mwezi. Nimetoka nimefumba macho.

Chiriku wako.

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, lakini kosa si langu peke yangu. Barua yako ililala kwenye sanduku la hospitali siku kumi na mbili kwa sababu kwenye bahasha uliandika Mama Funguo, na hapa hawamjui mtu huyo. Safari ijayo andika jina langu kamili.

Mwambie kaka ashuke kwenye paa. Mwambie ni mimi niliyesema, ataudhika na atashuka.

Mimi mzima. Mkuu wetu ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye adabu nyingi. Juzi aliniuliza kwa upole kama ninafahamu namna ya kusanidi mashine kuu. Nikamjibu kwamba nimewahi kuiona moja. Akafurahi, akanipa kitabu cha wanaoanza. Nimekisoma, nimekuta makosa manne.

Basi nakaa pale nawafungulia madaktari. Daktari bingwa wa upasuaji nenosiri lake lilikuwa jina la mbwa wake, na mbwa mwenyewe picha yake iko mezani, jina kwenye mkanda wa shingoni. Kila mmoja namwambia maneno yaleyale: liwe refu, unganisha maneno yasiyohusiana, na kila mlango uwe na lake. Wanaitikia, kisha wanaongeza namba moja mwisho wa jina la mbwa.

Umeniuliza kuhusu jina la mashine. Watu huongea.

Nakala yako ya akiba usiifanye Jumanne. Jumanne wodi ya wazazi na maabara zimejaa, unaibebesha mashine mzigo mara mbili. Ifanye Jumapili, na ukimaliza ichomoe kabisa uifungie kabatini. Ikiachwa imechomekwa, likitokea la kutokea itaangamia pamoja na mashine.

Picha nimesikia. Kufumba macho ni jambo dogo. Mimi katika miaka kumi na moja sikupata nafasi ya kuyafumba.

Shangazi yako.

19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba alishuka. Aliudhika pia.

Nakala ya akiba nimeihamishia Jumapili, na sasa inalala kabatini. Umesema kweli, Jumanne mashine ilikuwa inatambaa. Sikuwahi kukuandikia kwamba ni Jumanne, lakini ahsante.

Wiki iliyopita printa ya wodi ya wazazi iligoma. Nilikuwa chini ya meza, waya mdomoni, muuguzi mkuu akasema mbele ya wagonjwa kwamba shangazi yangu angekuwa ameshamaliza na kunywa chai. Wote wakacheka, hawakuwa na ubaya. Nikacheka nao. Kisha nikaenda stoo nikakaa juu ya boksi la karatasi mpaka uso ukapoa. Kila siku iko hivyo, shangazi. Nikifanya vizuri, nimefundishwa na wewe. Nikikosea, si kama wewe. Uliondoka na mizigo yako yote lakini hukuondoka.

Kila Ijumaa nasoma orodha ya walioingia kwenye mashine kuu. Mashine inaandika jina la mtu, saa, na mahali alipoingilia. Naipitia mstari kwa mstari. Kuna mambo humuulizi aliyekufundisha kuandika jina lako, kwa hiyo sikuulizi. Ila orodha naisoma.

Bibi anakusalimu. Anauliza utakuja lini.

Chiriku.

11 Mei

Chiriku,

Salamu zimefika. Kwa bibi yako mwambie nitakuja nikipata likizo, na likizo hutolewa kwa zamu. Mimi ni wa thelathini na moja.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili sikuipenda. Mtu mwenye neno aseme neno. Usinizungushe na orodha.

Nani alikuweka chini ya meza yangu likizo zote tangu una miaka tisa, akakushika mkono juu ya kipanya? Nani alimwendea mkurugenzi kwa miguu yake akamwambia huyu mtoto wa kaka yangu mpeni nafasi? Nilipoondoka walinipa saa ya ukutani na hotuba ya dakika tatu. Walinishukuru kwa bidii yangu katika kutengeneza printa. Mtandao mzima wa hospitali nimeujenga mimi, nashukuriwa kwa printa. Wewe miezi miwili tu, picha. Sina kinyongo. Naeleza mambo yalivyokuwa.

Unauliza naishije, ingawa hujauliza. Wenzangu saa saba mchana hushuka pamoja kwenda kula. Huwa wananiita. Mimi hubaki mezani, nina shughuli zangu.

Fanya kazi yako.

Shangazi yako.

9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, kompyuta zote zilifungwa. Kwenye kila kioo, kuanzia mapokezi hadi chumba cha upasuaji, kulikuwa na maandishi yaleyale: mafaili yenu tunayo, mkiyataka mtalipa. Nilikimbia nikang'oa waya wa mashine kuu, lakini walikuwa wameshamaliza.

Wakati huohuo kwenye wodi ya wazazi kulikuwa na mwanamke aliyejifungua mtoto wake wa kwanza, na damu haikukata. Kundi la damu yake na majibu ya kulinganisha damu yalikuwa ndani ya kompyuta. Fundi wa damu alilazimika kuchukua sampuli upya na kupima kwa mkono. Chupa mbili za damu ya dharura ziliwekwa haraka, lakini hazikutosha. Damu nyingine ilichukua dakika arobaini kupatikana. Mimi nilikuwa kwenye korido, nimeshika kompyuta isiyofunguka, watu wananipita mbio, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu.

Mwanamke yu hai. Mtoto ni wa kike, mzima. Mfuko wa uzazi umetolewa. Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu ya zile dakika arobaini. Alinawa mikono muda mrefu, akasema hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana.

Nakala ya Jumapili ilikuwa kabatini. Kwa siku tatu nimerudisha karibu kila kitu, na hakuna aliyelipwa. Kisha nikafungua orodha kutafuta walipopita.

Walipita kwa njia ya mbali. Waliingia na akaunti yako, nenosiri waliliandika mara moja tu, wakapata. Saa mbili na dakika tano asubuhi. Najua si wewe, kwa sababu mahali palipoandikwa si pale unapoingilia wewe, na wewe huingia saa saba mchana.

Mkurugenzi anataka ripoti kabla ya tarehe kumi na tano. Nakuuliza mara moja tu, kwa heshima zote. Walilipataje nenosiri lako?

Chiriku.

21 Juni

Mwanangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Tarehe kumi na tano imeshapita. Sijui umeandika nini kwenye ripoti, wala sijui kama bado una kazi. Nakuandikia hivyohivyo.

Unalolijua ni kweli. Nimekuwa nikiingia tangu Januari, kila siku ya kazi, saa saba. Sikugusa kitu, hilo unaweza kulithibitisha. Nilikuwa naangalia kama utakosea. Nitaliandika wazi kwa sababu nimechoka kulizunguka: nilitamani ukosee. Si kosa kubwa. Nilitaka kosa dogo la kumfanya mtu aseme pale hospitalini, tumpigie yule wa zamani. Hukukosea. Uliyapanga mambo vizuri kuliko mimi, na kila mchana niliondoka pale na njaa yangu na wivu wangu.

Sasa kuhusu nenosiri. Kuna ukurasa wa mafundi wa kompyuta ambao nilijiandikisha zamani. Mwanzoni mwa Mei waliibiwa, wakatutangazia kwamba nenosiri la kila mwanachama limechukuliwa, na aliyelitumia mahali pengine abadilishe haraka. Mimi, ninayewahubiria madaktari, nilikuwa nalitumia hilohilo kwenye akaunti yangu ya huko kwenu. Nililitunga miaka kumi na moja iliyopita na nililipenda.

Nilibadilisha kila mahali siku ileile. Kwenu sikubadilisha. Nilifungua ukurasa, mkono ukawa juu ya kibodi, nikakumbuka orodha yako ya Ijumaa. Ningebadilisha, mashine ingeandika kwamba fulani amebadilisha nenosiri tarehe fulani, nawe ungekuwa na ushahidi. Kuangalia tu ningeweza kukana, ningesema ni mitambo inajiunganisha yenyewe. Kubadilisha nisingeweza kukana. Nikaufunga ule ukurasa. Nilikuwa na wiki tatu nzima za kuandika sentensi moja kwenye karatasi, kwamba ufute jina langu. Badala yake nilikuandikia kuhusu saa ya ukutani.

Huyo mwanamke anaitwa nani? Usiniambie. Umri wake?

Leo hii nimemwandikia mkurugenzi, na haya yote yamo. Nimemwambia kosa ni langu na wewe usiguswe. Wewe nawe andika hivyohivyo. Weka jina langu kamili.

Shangazi yako.

16 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Bibi hajui na baba hajui. Wanafikiri nimepunguziwa kazi kwa sababu ya uchovu, na bibi ameanza kunipikia kana kwamba nimelazwa.

Ripoti niliitoa tarehe kumi na tatu, kabla barua yako haijafika. Niliandika kwamba kosa ni langu, kwa sababu ni langu. Akaunti yako niliiona tangu wiki ya kwanza. Siku nilipofuta yale majina kumi na manne, lako lilikuwa la kumi na tano. Niliweka mshale juu yake, nikauondoa. Nilikuambia imebaki kidogo, na hicho kidogo kilikuwa wewe.

Si kwa heshima, shangazi, usinipe sifa hiyo. Nilitaka uone. Kila siku kabla ya saa saba nilikuwa napanga kila kitu, nafunga nilichoacha wazi, nafuta takataka, kama mtu anayesubiri mgeni mkubwa. Halafu Ijumaa naangalia orodha: leo amekaa dakika ishirini, leo dakika tano. Nikiona dakika tano nilikosa raha. Nilitaka ukae pale uumie. Nilitaka siku moja uniandikie kwamba nimekupita. Vile vifaa vya mlango wa pili vilikuja Mei mosi. Nilivipanga kwenye rafu nikawa naahirisha, kwa sababu ningeviweka, wewe usingeweza kuingia tena.

Mkurugenzi alipopata barua yako aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi zote mbili mezani, yako na yangu. Akasema amewahi kuona watu wakitupiana kosa, hajawahi kuona wakinyang'anyana. Akauliza nani kati yetu anadanganya. Nikamwambia hakuna. Akasema basi ni vibaya zaidi.

Sikufukuzwa. Si mkuu tena, na picha imetolewa. Wameleta mama mmoja kutoka nje, mtu mzima, mkimya, anavaa miwani mbili kwa zamu. Siku ya kwanza aliweka ule mlango wa pili kabla hata hajavua koti. Kwake sisi ni wageni, wala hajali nani alimfundisha nani. Muuguzi mkuu anamsifu.

Yule mwanamke alirudi wiki jana kumpimisha mtoto. Ana miaka ishirini na nne, uliuliza. Nilimfuata kwenye benchi la kusubiria nikamwambia kwa nini damu yake ilichelewa: kwamba watu wawili wa ukoo mmoja walikuwa wakivizia kazi ya mwenzao, na mlango ukabaki wazi kati yao. Sikutaja akaunti wala mashine. Alisikiliza huku anampepea mtoto kwa kadi ya kliniki. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Akasema, "Sasa umeniambia. Wewe umepumzika. Mimi nikamwambie nani?" Kisha jina lake likaitwa, akaingia.

Jambo la mwisho. Juzi mkuu mpya alifungua orodha ya akaunti, akafika kwenye jina lako. Angeweza kulifuta mwenyewe. Alisimama, akanipisha kwenye kiti, akaniambia nifute mimi. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza. Jina likaondoka, mistari ya chini ikapanda kujaza nafasi, na sasa huwezi kujua kama uliwahi kuwepo.

Nililia, na yule mama akajifanya anatafuta miwani. Lakini nikwambie ukweli mwenyewe, usije ukauhisi siku nyingine ukajiuliza: kuna sehemu yangu iliyofurahi. Si ndogo sana.

Chiriku.

2 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba.

Nilimweleza mkuu wangu yule kijana yote niliyoyafanya, maana mtu mwenye funguo za madaktari mia tatu lazima bosi wake ajue. Nilidhani ataniondoa. Ameniondoa kwenye funguo, kweli. Amenipa kazi ya kuwafundisha wafanyakazi wapya, kila Jumatatu, watu kumi na tano chumbani. Amesema nianze na habari yangu mwenyewe. Nimeshaisimulia mara moja. Dakika arobaini sikuzitaja kwa haraka.

Swali la yule mwanamke nimelinakili kwenye karatasi ninayofundishia.

Barua yako nimeisoma kazini, nikaikunja, nikaiweka mfukoni, nikashuka kula na wenzangu. Walisogea wakanipa nafasi. Nilipofika pale ulipoandika kwamba ulifurahi, nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Kisha nikafikiri, ningekuwa mimi kwenye kiti hicho, nalifuta jina lako, ingekuwaje.

Ningefurahi kuliko wewe. Na nisingekuambia.

Shangazi yako.